Neno Gani Litangulie Kisimani

Hakuna mtu aliyejua kazi ya ukalimani kama Alio Guleid wa kituo cha Laga Adow. Bwana DC akitukana, Alio alitafsiri salamu. Wazee wakitukana, Alio alitafsiri shukrani. Hivyo ndivyo amani ilivyodumu kwenye kipande kile cha nchi kati ya Garissa na Modogashe, miaka yote ile ya thelathini, na serikali ikajipiga kifua kwamba ni kazi ya sheria. Sheria gani! Ilikuwa kazi ya Alio na ulimi wake. Na siku ulimi huo ulipoteleza mara moja tu, watu nusura watoane roho kwa ajili ya Kilatini.

Chanzo kilikuwa kisima. Mwaka huo mvua ya Gu, ile ya masika, ilikataa kabisa, mawingu yakaja yakatazama yakaenda zake, na serikali kwa mara ya kwanza ikafanya jambo la maana: ikachimba kisima. Maji yakapatikana, matamu, hayana chumvi. Likajengwa hodhi la mviringo la mawe na saruji, pana, la kutosha mifugo kulizunguka pande zote. Pampu ikafungwa, ikajaribiwa, ikatema maji mpaka fundi akalowa viatu. Kisha, jamani, wakazungusha boma la miba, wakatia lango, wakatia kufuli, wakasimamisha dubasi wawili, wale askari wa vilemba vyekundu, na bunduki zao.

Kisa? Kisima hakikuwa na maneno.

"Kisima bila maneno iko shimo tu," alisema Bwana Hartnoll, DC, kwa kile Kiswahili chake alichokiokota jikoni Nairobi. "Bwana Mkubwa nakuja fungua. Yeye hapana weza fungua shimo."

Maneno yenyewe yalikuwa tayari, yakingoja tu kuchongwa kwenye jiwe. Yalikuwa matatu, ya Kilatini, lugha ambayo Alio aliambiwa kwamba wenyewe walikufa zamani na hawakuacha mtoto hata mmoja wa kuisema. *Aqua* ni maji. *Omnibus* ni kwa watu wote. *Sufficit* ni yanatosha. Maji yanawatosha wote. Basi fikiria: maji yanawatosha wote, na ufunguo uko mfukoni mwa mtu mmoja.

Nje ya boma la miba walikuwa wamekusanyika watu wa koo tatu kubwa, na ngamia wao na ng'ombe wao na mbuzi wasiohesabika. Binadamu walikuwa wakifukua mchanga wa laga, ule mto mkavu, wakapata kikombe cha hapa na kikombe cha pale cha kulowesha koo. Lakini kikombe si kitu kwa ng'ombe. Na Mto Tana ulikuwa mbali kwa mnyama aliyekwisha kulegea magoti.

Pembeni kabisa, mbali na koo hizo tatu, alikuwa amepiga kibanda mama mmoja aitwaye Saynab. Huyu ndiye aliyemlea Alio baada ya mama yake kufa. Alikuwa dada wa baba yake, kwa hiyo Alio alimwita eddo, kama Wasomali wanavyomwita shangazi, naye Saynab alimwita Alio eddo vilevile, kama desturi inavyotaka. Alikuwa amekuja kwa miguu kutoka upande wa Liboi na ng'ombe wake. Wengine walibaki njiani, chakula cha tai. Waliofika walikuwa saba, na hao saba ndio waliokuwa mali yake yote, maziwa yake yote na heshima yake yote duniani. Watu wa ukoo wake walikuwa wachache, na hata alama yao ya kuchoma ilikuwa ndogo: tone moja pajani, lililochomwa kwa ncha ya chuma. Marehemu mumewe alipenda kusema kwamba watu wachache hawahitaji alama kubwa.

"Eddo," Saynab alimwambia Alio jioni ya kwanza, "wewe si ndiye mdomo wa serikali?"

"Ndimi, eddo."

"Basi huo mdomo uambie ufungue. Wanangu wanakufa." Ng'ombe aliwaita wanangu, na hakuwa anatania.

Alio akavaa tarbushi yake, akapangusa vumbi kwenye viatu, akaenda barazani kwa DC na hotuba nzuri kichwani. Hakupata nafasi ya kuitoa. Bwana Hartnoll alikuwa na mgeni, Kapteni Leckie wa askari wa ngamia, aliyepita tu kunywa kidogo kabla ya kuendelea na safari. Walikuwa wamekwisha kunywa kidogo mara nyingi, na sasa walikuwa wakigombana juu ya yale maneno matatu.

DC alitaka *Aqua omnibus sufficit*. Maji yaanze, kwa sababu kisima ni maji. Kapteni akacheka kwa dharau, akasema hilo ni la watoto wa darasa la kwanza. Yeye alitaka *Omnibus sufficit aqua*. Wote waanze, maji yaje mwisho, msomaji angoje kidogo kabla ya kuyapata.

"Angoje?" Alio aliuliza kwa sauti ndogo. "Bwana, mbona tayari wanangoja?"

Bwana Hartnoll akamgeukia, akamweleza kwa subira, kama mtu anayemfundisha kasuku. Kiswahili kina adabu, alisema. Mtoto kanywa maziwa, basi mtoto anatangulia, ukigeuza umeyafanya maziwa yamnywe mtoto. Lakini Kilatini! Kila neno la Kilatini lina mkia wake, na mkia ndio unaosema nani kafanya nini. Liweke mbele, liweke nyuma, liweke katikati, maana ni ileile.

"Kama maana ni ileile, Bwana," akasema Alio, "kwa nini mnagombana?"

Mabwana wale wawili wakamtazama kwa pamoja, na hiyo ndiyo mara pekee usiku ule waliyokubaliana jambo. Baadaye Alio alikuja kuelewa kwamba kila mmoja alichapwa Kilatini chake shuleni na mwalimu wake, na mtu hasahau kiboko chake.

Siku zikaenda. DC aliandika mpangilio wake, fundi wa mawe kutoka Lamu akashika patasi. Kapteni akampiga breki. Kapteni akaandika wake. DC akaupiga wino. Fundi akatandika mkeka wake kivulini akalala, akasema wakubwa wakimaliza kuzozana wamwamshe. Kapteni, aliyepita tu, akapiga hema. Na ng'ombe wa Saynab wakawa sita.

Ndipo Bwana Hartnoll alipopata lile wazo lililokaribia kuwaua watu. Alisema kisima ni cha wananchi, basi wananchi waulizwe. Yakatafutwa mabamba matatu ya mbao, kila bamba likapakwa neno moja kwa rangi nyeupe, na baraza likaitwa. Koo tatu zikaja na wazee wao. Mbele kabisa walikaa Warfa, Dagane na Bare, kila mmoja msemaji wa watu wake, kila mmoja na fimbo yake, na kila mmoja akiamini kwamba kisima chenyewe kimechimbwa kwa ajili ya watu wake hasa, wengine wakaribishwe tu.

Dubasi wakayasimamisha mabamba. DC akapiga kofi, wakayabadilisha nafasi. Akapiga tena, wakayabadilisha tena. "Ambia wao," akasema DC, uso unang'aa, "hii iko sawa. Na hii iko sawa. Na hii iko sawa pia! Sasa wao chagua."

Wazee wakatazama mbao zikipita kulia na kushoto. Mzee Dagane akamuuliza mwenzake kama Mzungu ameugua jua.

Sasa Alio angeweza kutafsiri salamu, kama kawaida yake. Angesema Bwana anawasalimu na mbao zake zinawasalimu, watu wakaenda nyumbani. Lakini siku hiyo, sijui shetani gani alimpitia, akataka kuonyesha kwamba ameelewa Kilatini. Akasimama, akakohoa, akawaeleza wazee kwa mfano mzuri. Akasema: haya maneno ni kama mifugo. Kila neno limechomwa alama yake. Ukilitanguliza au ukiliweka nyuma, alama inaonekana, linajulikana ni la nani. Na haya matatu yatachongwa kwenye jiwe la kisima.

Akakaa chini, ameridhika na nafsi yake.

Ulimi uliponza kichwa, ndiyo haya. Kwa maana katika nchi ile, tangu enzi za mababu wa mababu, kitu kinachochongwa kwenye jiwe la kisima ni kitu kimoja tu: alama ya ukoo wenye haki ya kunywesha hapo. Mwenye alama ananywesha. Aliyetangulia kuchongwa anatangulia kunywesha. Asiye na alama anangoja mpaka wote wamalize, na wakati wa kiangazi wote hawamalizi. Hilo halihitaji kusomwa popote, hata mtoto mchunga mbuzi analijua.

Mzee Warfa akainuka polepole. Akaenda moja kwa moja mpaka kwenye bamba la kwanza, akalikumbatia.

"Hii ni yetu," akasema.

"Adeer, mzee wangu," Alio akashtuka, "hayo ni maneno tu, hayana mwenyewe!"

"Kitu kinachongwa kisimani, kisiwe na mwenyewe? Kijana, hiyo tarbushi imekubana kichwa?"

Kufumba na kufumbua Dagane alikuwa ameshika *Omnibus* na Bare ameshika *Sufficit*, vijana wao nyuma yao, fimbo juu. Halafu likaja swali la nani atangulie jiweni. Ebo! Hapo hapakukalika. Warfa alisema wao walifika kwanza. Dagane alisema bamba lake ndilo refu kuliko yote. Bare alisema refu si hoja, la kwake Mzungu alilitaja kwa sauti kubwa zaidi. Kichwa kimoja kikapasuka, cha nani haijulikani, damu ikamwagika juu ya *Sufficit*.

Bwana Hartnoll alisimama juu ya kiti chake, machozi ya furaha machoni. "Leckie!" akapiga kelele. "Tazama! Wanapigania mpangilio wa maneno! Nani alisema hawa watu hawana akili?"

Baada ya dubasi kuwatenganisha watu, Saynab alimvizia mpwa wake nyuma ya ofisi, akamshika mkono kwa nguvu.

"Eddo, nimesikia kila ukoo umepata alama yake. Sisi yetu ni ipi?"

Alio alitamani ardhi ipasuke. "Maneno ni matatu, eddo."

"Mwambie aongeze."

"Nitamwambia."

"Mwambie leo. Yule mwekundu mwenye pembe iliyovunjika hasimami tena. Nimemwekea kitambaa kibichi mdomoni, anakinyonya kama ndama." Akamwachilia mkono. "Mimi nilikunywesha maziwa ya mama yake huyo, Alio. Ulikuwa mdogo hivi, hukuwa na mtu." Hakulia. Ingekuwa afadhali angelia.

Alio akaenda kwa DC, akaomba neno la nne. Lolote, alisema, hata dogo. Bwana Hartnoll alimtazama kama kwamba amemwomba mguu wake. Maneno matatu ni kito, akasema. Manne ni tangazo la sabuni. Na Kapteni, aliyekataa kila kitu tangu afike, safari hii akaitikia kwa kichwa. Alio akatoka barazani akajificha nyuma ya tangi la maji la mabwana, lililojaa, akalia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni. Yeye ndiye aliyeleta mfano wa alama. Kama si mdomo wake, eddo angesimama foleni kama watu wengine. Sasa angesimama nyuma ya ngamia wa koo tatu, na ng'ombe wasiojaa hata vidole vya mikono.

Yule mwekundu alikufa kabla ya alfajiri. Wakabaki watano.

Siku hiyo ndipo Kapteni alipopata dawa ya ugomvi, kwa kuogopa damu, maana askari wake walikuwa wachache. Hodhi ni la mviringo, akasema. Maneno na yachongwe kwenye ukingo, yazunguke. Anayetaka aanze na maji, anayetaka aanze na wote, Kilatini hakijali. Wazee nao wakaambiwa: katika duara hakuna wa kwanza wala wa mwisho, kila ukoo utasimama penye alama yake. Wakanung'unika, wakatema mate, wakakubali. Fundi wa Lamu akaamshwa.

Akachonga siku nzima. Jioni DC akaenda kutazama, na Alio nyuma yake amebeba taa. Bwana Hartnoll akalizunguka hodhi mara mbili akisoma kimoyomoyo, na uso ukaanza kukunjamana. Alio alimjua bwana wake. Alijua kwamba mtu yule usiku hatalala kwa kufikiri kwamba kuna msomaji atakayeanza na *Omnibus* na kumpa Kapteni ushindi.

Alio akaisogeza taa karibu na jiwe.

"Bwana," akasema, "msomaji atajuaje mwanzo uko wapi?"

"Hapana jua," akasema DC kwa uchungu. "Hiyo ndiyo shida."

"Kwani hakuna alama ya kuonyesha mwanzo? Kitu kidogo tu. Tone moja, Bwana, kabla ya *Aqua*."

DC akamshika bega. Kwa miaka yote waliyofanya kazi pamoja hakuwahi kumgusa. Akamwita fundi palepale, na fundi, akiguna kwamba mambo ya wakubwa hayaishi, akalichimba tone kwenye jiwe, duara la kina, ukubwa wa kidole gumba, kabla tu ya *Aqua*. Kapteni alipoliona asubuhi akasema Warumi wasingethubutu, akang'oa hema, akaenda zake bila kuaga.

Bwana Mkubwa wa Nairobi hakuja. Tumbo, walisema. Baada ya yote yale, tumbo! Basi DC akafungua kisima mwenyewe, amevaa kofia yake ya manyoya, mbele ya koo tatu zilizojipanga penye maneno yao, Warfa kwenye *Aqua*, Dagane kwenye *Omnibus*, Bare kwenye *Sufficit*. Ngamia walikuwa wakipiga kelele kwa harufu ya maji, watoto wakilia, pampu ikipiga, na maji yakipanda ndani ya hodhi.

"Ambia wao," akasema Bwana Hartnoll, akiweka kidole chake kwenye lile tone. "Hapa ndiyo mwanzo. Yote naanza hapa. Kwanza hii, halafu ingine."

Na kwa mara ya kwanza katika utumishi wake Alio Guleid alitafsiri neno kwa neno, bila kupunguza, bila kuongeza. Bwana DC anasema: hapa ndipo mwanzo. Yote yanaanza hapa. Kwanza hii, halafu zingine.

Wazee wakainama kutazama. Hawakuwa wameliona, nani angeona shimo la kidole gumba kando ya maneno makubwa namna ile? Warfa akalipapasa kwa ncha ya fimbo.

"Hii ya nani?" akauliza.

Watu wakasogea pembeni, kwa sababu mama mmoja alikuwa anapita katikati yao akimvuta ng'ombe kwa kamba, na wengine wanne wakimfuata wakiyumba. Saynab hakumwangalia mtu. Alifika kwenye jiwe, akamgeuza ng'ombe wake kiuno, akapangusa vumbi pajani kwa kiganja. Tone moja, lililochomwa kwa ncha ya chuma. Akaweka kidole juu ya paja, kisha juu ya jiwe.

Warfa alitazama paja. Akatazama jiwe. Akamtazama Alio, kwa muda mrefu sana. Mzee hakuwa mjinga. Lakini lililochongwa limechongwa, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kukumbatia bamba na kusema hivyo mbele ya watu wote. Angelikana tone, angelikana na *Aqua* yake.

"Wallahi," akasema mwishowe, kwa uchungu, "ni yao." Akarudisha ngamia wake nyuma.

Ng'ombe wale watano wakatumbukiza midomo. Hawakuinua vichwa. Koo tatu nzima zilisimama zikiwatazama wakinywa, na hakuna aliyepiga kelele, maana haki ya kisima haipigiwi kelele.

"Alio," Bwana Hartnoll alinong'ona, "kwa nini watu kubwa naachia mama mzee?"

"Wanasoma, Bwana," Alio akajibu. "Wameanzia mwanzo."

DC akatoa leso akajipangusa macho. Akasema ataandika Nairobi leo hii. Akasema huu ni mwanzo tu, kuna visima vingine vya kuchimbwa, Balambala, Modogashe, na kichwani tayari ana maneno ya Kilatini ya kila kimoja, mazuri, marefu kidogo. Kisha akaomba Alio amuulize yule mama kama ana lolote la kuiambia serikali siku kama hii.

Alio akauliza. Saynab alikuwa amepiga magoti kando ya hodhi, mkono wake juu ya shingo ya ng'ombe, akihesabu mikupuo inavyoshuka kooni.

"Mwambie ahsante," akasema bila kugeuka. "Na mwambie, tafadhali, asiongeze neno."